KUTAFUTA KILICHOFICHWA KWA NAMBA ZA DUNIA
(Somo la jiografia na hesabu, limetayarishwa na wakubwa wa wanafunzi)



Somo hili lilianza kwa kosa letu wenyewe. Sisi wafinalisti tulificha mkebe wa maziwa ya unga kando ya ukuta wa masomo, katikati ya mawe ya volkano. Ndani tuliweka kalamu tano. Tulitaka wadogo wetu waupate kwa kufanya hesabu. Lakini mchezo haujaanza bado, mtoto mmoja akauona, akauchukua, akaanza kuutingisha. Mlinzi akapiga kelele: «Wacha! Usiguse ile kitu!» Watoto wote wakakimbia. Sisi tulicheka kwanza, halafu tukaacha kucheka. Tutaeleza sababu mbele. Kwanza tuufahamu mchezo wenyewe.

1. Mchezo ulianzia wapi

Juu ya dunia, kwa urefu wa kilomita karibu 20,200, zinazunguka satelaiti za Marekani zinazosaidia simu kujua mahali ilipo. Simu ikipata sauti za satelaiti nne, inaweza kupiga hesabu ya mahali pake. Zamani serikali ya Marekani iliharibu sauti hizo kidogo kwa makusudi, hata raia wa kawaida aliweza kukosea kwa mita mia moja. Tarehe 2 mwezi wa tano 2000 uharibifu huo uliondolewa. Kesho yake tu, tarehe 3, bwana Dave Ulmer aliweka ndoo yenye vitu vidogo porini katika jimbo la Oregon, akawatangazia watu namba za mahali pale. Njo vile mchezo ulianza.

Unaitwa jiokeshi. Sehemu ya kwanza ya jina ni neno la Kigiriki la dunia. Ya pili inatokana na neno la Kifaransa la kuficha, ambalo sote tunalijua darasani. Anayepata sanduku anaandika jina lake katika kijitabu kilichomo. Akitoa kitu, anaacha kingine chenye thamani sawa. Kisha anarudisha sanduku pale pale.

2. Namba zinasema nini

Digrii moja ya latitudo ni karibu kilomita 111. Digrii ina dakika 60, kwa hiyo dakika moja ni kilomita 1.85. Ukigawa dakika mara elfu moja, sehemu moja ni mita 1.85 tu, karibu urefu wa mtu mzima. Sisi wa Goma tuko karibu sana na ikweta, kwa hiyo dakika ya longitudo kwetu ni karibu sawa na ya latitudo. Mtu wa Ulaya hana bahati hiyo, maana kwake mistari ya longitudo imekwisha kukaribiana.

3. Fumbo la stesheni

Wengine hawatoi namba wazi, wanatoa fumbo. Stesheni za gari la moshi zinafaa sana kwa kazi hiyo, kwa sababu zimejaa namba: miaka, saa, namba za mashini. Goma haina reli. Reli ya Kivu ya wakati wa Wabelgiji ilitoka Kalundu, karibu na Uvira, ikaishia Kamanyola, haikufika kwenye ziwa letu. Kwa hiyo tuende Nairobi, kwa njia ambayo bidhaa nyingi za Mombasa zinapita kuja kwetu. Fumbo hili tumelitunga sisi. Hakuna sanduku kule.

Namba za mahali: Kusini 1° 17.ABC', Mashariki 36° 49.DEF'.

Tunajua haya. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, ikafika Kisumu 1901. Makumbusho ya reli ya Nairobi yalifunguliwa 1971. Ndani yake kuna mashini kubwa ya moshi namba 5918, yenye jina la mlima Gelai wa Tanzania. Mashini za aina hiyo zilikuwa 34, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki.

ABC: jumlisha tarakimu za mashini (5+9+1+8 = 23). Toa miaka ya ujenzi kutoka Mombasa mpaka Kisumu (1901 − 1896 = 5). Inabaki 18. Zidisha kwa 25: 450.

DEF: toka reli kufika Kisumu mpaka makumbusho kufunguliwa (1971 − 1901 = 70). Zidisha kwa 10: 700.

Kusini 1° 17.450', Mashariki 36° 49.700': hapo ni kwenye stesheni ya Nairobi.

Sasa angalieni. Mwanafunzi akijumlisha vibaya, akasema 24 pahali pa 23, atapata 475. Amekosea moja tu, lakini miguu yake itaenda mita 46 zaidi upande wa kusini. Na katika stesheni, mita 46 zinaweza kukusimamisha juu ya reli.

4. Kwa nini kwetu hatufichi sanduku

Turudi kwa mkebe wetu. Mlinzi alikuwa na haki. Baada ya mapigano ya mwezi wa kwanza 2025, silaha ambazo hazijalipuka zilibaki katika Goma na Sake. Kila mutoto amefundishwa: kitu usichokijua usikiguse, usikipige teke, rudi ulikotoka, ita mukubwa. Na sisi wakubwa tulikuwa tunafanya nini? Tulikuwa tunawafundisha kutafuta chuma katikati ya mawe na kukifungua kwa furaha! Mchezo wetu ulikuwa unabomoa somo linalolinda maisha yao.

Hata pahali pa amani jambo hili si dogo. Mwaka 2011, katika mji wa Wetherby, Uingereza, polisi walifunga barabara na wataalamu wa mabomu wakalipua sanduku moja. Kumbe lilikuwa la jiokeshi.

Tena, kusimama barabarani na simu ukiandika namba kunaweza kukufanya udhaniwe mpelelezi. Kwa hiyo tumeomba msamaha kwa mlinzi na kwa yule mtoto, na tumepatana hivi:

a) Mchezo unafanyika ndani ya kiwanja cha masomo tu, na mwalimu anajua.
b) Hakuna kitu kinachofichwa wala kufukiwa. Kinachotafutwa ni neno lililoandikwa ukutani, pahali pa wazi.
c) Simu haihitajiki. Tunatumia hatua na dira.
d) Zawadi inabaki mezani kwa mwalimu.

Yule mwanamke wa Luka 15 aliwasha taa, akafagia nyumba kwanza, ndipo akaona shilingi yake. Nasi tutafute penye mwanga.

5. Kazi kwa wasomaji

i) Goma iko karibu 1° 40' kusini ya ikweta. Ni dakika ngapi? Ni kilomita ngapi?
ii) Volkano Nyiragongo ilimwaga moto mwaka 1977, 2002 na 2021. Simama kwenye mti wa bendera. Tembea kaskazini hatua sawa na miaka kati ya mmwago wa kwanza na wa pili. Halafu mashariki, hatua sawa na miaka kati ya wa pili na wa tatu. Soma neno lililo mbele yako, ulete kwa mwalimu wa jiografia.

Kalamu zile tano bado zipo. Na mkebe tumeurudisha jikoni.