Sikio Kwanza, Kifaa Baadaye

Wanachuo wenzangu, likizo iliyopita sikwenda nyumbani. Nilibaki Nkuhungu, chumba changu kilekile cha kupanga, nikawa mwanagenzi kwa mama mmoja fundi wa vifaa vya kusikia. Wiki nzima ya kwanza kazi yangu ilikuwa kufagia, kufuta vumbi na kutazama. Moyoni nikanung'unika: mimi na GPA yangu yote hii, nafagia?

Wiki ya pili akaja babu mmoja na mjukuu wake. Kifaa cha babu kilikuwa kinapiga mluzi, akakitupia kabatini miezi minne. Nyumbani walishaacha kumsemesha. Walidhani akili zinamhama. Nikakichukua, nikapunguza sauti, mluzi ukakata. Nikajiona fundi.

Mama akasema, "Haya, muulize babu jina lake."

Nikamuuliza. Babu akatabasamu: "Marahaba."

Darasa likaanzia hapo. Mluzi hutokea pale sauti iliyokuzwa inapovuja sikioni na kuingia tena kwenye maikrofoni ya kifaa. Ukipunguza sauti umeficha tatizo, na mgonjwa hasikii. Tafuta inapovujia.

Kwanza, kagua sikio kwa tochi yake. Mtu mzima vuta sikio juu na nyuma. Mtoto mdogo, chini na nyuma. Nta nyingi huirudisha sauti nje. Ukiona usaha au ngoma ya sikio imetoboka, ishia hapo, mpeleke kwa daktari.

Pili, kagua kizibo kinachokaa sikioni na mrija wake. Mrija ukikakamaa au kupasuka, badilisha.

Tatu, maikrofoni na betri. Vumbi letu la Dodoma huziba vitundu vya maikrofoni. Betri za zinki hutumia hewa: ukishabandua kibandiko, isubiri kama dakika moja kabla ya kuiweka.

Kizibo cha babu kilikuwa kimelegea. Ilibidi tuchukue upya umbo la sikio lake kwa silikoni laini inayoganda. Nikachanganya, nikajaza bomba, nikasogea. Mama akanidaka mkono. Nilikuwa sijaweka pamba! Kipande hicho chenye uzi huwekwa ndani, kupita kona ya pili ya tundu la sikio, ili silikoni isifike kwenye ngoma. Mikono ikanitetemeka.

"Sikio la mtu halina sapu," akaniambia.

Nimelikumbuka neno hilo kila niliposoma kuhusu kazi hii. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma kwa kupoteza usikivu. Mwaka 2024 lilitoa mwongozo kwa nchi zenye kipato kama chetu, unaoruhusu wasio wataalamu bingwa kutoa baadhi ya huduma hizi, wakishafunzwa na wakisimamiwa. Mlango upo, lakini haufunguki kwa notisi peke yake. Unahitaji mtu wa kukudaka mkono.

Kizibo kipya kilipokuwa tayari, babu alirudi. Nikarudia swali lile lile. Akataja jina lake, la baba yake na la ukoo wake. Kisha akamgeukia mjukuu: "Kumbe umeshakuwa na sauti nzito hivi!"

Mjukuu akainama, akafuta macho. Mimi nikachukua ufagio.