Somo: Vitendea Kazi vya Mwandishi wa Habari Njia ya Diaca



Somo letu la safari hii linahusu vitendea kazi vya mwandishi wa siku hizi, yule ambaye mhariri wake humtaka alete maandishi, sauti, picha na filamu kwa mkupuo mmoja. Zamani kazi hiyo iligawanywa kwa watu watatu au wanne. Sasa anaifanya mtu mmoja kwa simu moja, na mara nyingi simu hiyo ameinunua kwa fedha yake mwenyewe. Jambo hilo la mwisho ni dai la kikazi, nasi tutalirudia.

Tuchukue mfano wa Diaca, katika wilaya ya Mocímboa da Praia, kwenye barabara iendayo Mueda kupitia Awasse. Vita vilivyoanza katika mji wa Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 viliwafukuza watu vijijini. Mwaka 2020 kituo cha umeme cha Awasse kiliharibiwa, na wilaya kadhaa za kaskazini zikakaa gizani. Mji wenyewe ulirudishwa mikononi mwa serikali Agosti 2021, na watu wakaanza kurejea. Mwandishi anayekwenda huko kuwasikiliza waliorejea anahitaji vitu vitatu: umeme wa kubeba, sauti inayosikika, na njia ya kumlinda aliyesema. Hicho cha tatu ndicho kigumu, tena hakiuzwi dukani.

Kuhusu umeme hatuna maneno mengi. Betri ya akiba iliyoandikwa 10,000 haijazi simu ya 5,000 mara mbili, kwa sababu sehemu ya nguvu hupotea kwa joto. Hesabu mara moja na nusu. Paneli ndogo ya jua ya wati 10 huhitaji karibu siku nzima ya jua kali kuijaza betri hiyo, kwa hiyo usiitegemee jioni.

Kuhusu sauti, kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo ni bora kuliko simu ya bei kubwa. Kibane shubiri moja chini ya kidevu, na kama kuna upepo kivalishe sponji. Kabla ya kulipa, tazama ncha ya waya: yenye pete tatu nyeusi ni ya simu, yenye pete mbili ni ya kamera. Mwandishi wa somo hili alinunua ya pete mbili, akarekodi saa nzima, na alipofika nyumbani akakuta amenasa jogoo wa jirani vizuri kuliko mzee aliyekuwa akimhoji. Simu zisizo na tundu la mviringo zinahitaji kiunganishi chake. Unaporekodi bonyeza alama ya ndege, ili simu ya mtu isikatize mazungumzo.

Kwa kukata na kusafisha sauti kwenye kompyuta ipo programu ya Audacity, ambayo ni bure. Sauti ghafi ya WAV hula megabaiti 5 hivi kwa kila dakika. Ukiitoa kwa MP3 ya njia moja, kiwango cha 64, dakika moja huwa nusu megabaiti tu. Basi ripoti ya dakika tatu ni megabaiti moja na nusu badala ya kumi na tano, na mtandao dhaifu huweza kuibeba. Usifute ile ghafi mpaka mhariri athibitishe kwamba amepokea.

Sasa tuje kwenye kumlinda aliyesema. Ndugu, picha inayopigwa kwa simu huweza kubeba ndani yake saa, aina ya simu, na hata mahali ulipokuwa umesimama. Macho hayaoni maelezo hayo, lakini kompyuta huyasoma. Fungua mipangilio ya kamera na uzime alama ya mahali kabla ya kuondoka Mueda. Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maelezo hayo huondolewa. Ukituma kama faili, husafiri nayo yote. Hapa wengi wameteleza, kwa maana wahariri hupenda faili kwa ajili ya ubora. Programu ya Signal nayo huyaondoa, na ina kifaa cha kufifisha uso kabla ya kutuma.

Lakini kufifisha uso hakutoshi. Katika kijiji mtu hujulikana kwa kanga yake, kwa mlango wa nyumba yake, kwa mwendo wake, na zaidi kwa sauti yake. Programu za kubadili sauti iwe nzito au nyembamba si kinga, kwani mwenye ujuzi huweza kuirudisha. Njia ya kuaminika ni ile ya zamani: mwenzako studioni ayasome maneno yale kwa sauti yake, na msikilizaji aambiwe hivyo. Picha mpige mikono, au mgongo kwenye ukuta usio na alama.

Simu yenyewe ifungwe kwa tarakimu sita au zaidi, si kwa kidole, maana kidole huweza kushikwa kwa nguvu kikawekwa. Kadi ya kumbukumbu mara nyingi haifungwi pamoja na simu, anayeichomoa huisoma. Picha uliyofuta hukaa kwenye kapu la takataka siku 30 au zaidi, basi limwage na kapu. Ipo programu iitwayo Tella inayoficha picha na sauti kwa fumbo, hata alama yake hubadilishwa isitambulike. Ni nzuri. Hata hivyo kwa maoni yangu, kwenye kizuizi cha barabarani kukutwa na kitu kilichofichwa kunaweza kukuongezea shaka. Kutuma mapema na kubaki na simu tupu ni salama zaidi.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Amade Abubacar, wa redio ya jamii ya Nacedje, alikamatwa Macomia tarehe 5 Januari 2019 akiwa anawahoji watu waliokimbia mashambulizi, akakaa kizuizini hadi 23 Aprili. Miongoni mwa mashtaka yake yalikuwa ya kutumia vyombo vya kompyuta. Ibraimo Mbaruco, wa redio ya jamii ya Palma, tarehe 7 Aprili 2020 alimtumia mwenzake ujumbe mfupi kwamba amezungukwa na askari. Hakuonekana tena. Sheria ya Habari namba 18 ya 1991 inamlinda mwandishi asilazimishwe kutaja aliyemweleza, lakini sheria haiwezi kufunga simu iliyoachwa wazi.

Kwa hiyo dai letu kwa waajiri ni hili: anayetumwa njia ya Diaca apewe kipaza sauti, betri, kadi na fedha ya mtandao, naye asitumwe bila mtu wa kumngojea hewani.

Zoezi la nyumbani. Piga picha moja, itume kwa mwenzako kwanza kama picha kisha kama faili, mtazame pamoja maelezo yaliyobaki katika kila moja. Halafu patana naye saa mbili za kupigiana kila siku ya safari, na neno moja la kawaida litakalomaanisha kwamba mambo si shwari. Mkubaliane pia ni nani atakayepigiwa, na baada ya dakika ngapi, iwapo simu haikupokewa.