Usiku wa Kwanza Klabuni: Mbinu kwa Bendi Changa ya Roki

Anayepita Keumbu kwa matatu, akitoka Kisii kuelekea Keroka, haikosi mikungu ya ndizi sokoni. Mama anayeiuza hana haja ya maneno mengi. Mnunuzi huugeuza mkungu, huiminya ndizi moja, kisha hulipa au huenda zake. Bendi changa inayoteremka Kisii mjini au kupanda basi la Nairobi ili ipige usiku mmoja klabuni inaingia soko la namna hiyo. Waliokaa mezani hawaijui. Wataiminya kwa wimbo wa kwanza.

Nawaandikia vijana wa kwetu wenye magitaa kwa sababu nimeona bendi nzuri zikiharibikiwa kwa mambo yasiyohusiana na kipaji: waya, saa, fedha, usafiri. Usiku wa klabu hutengenezwa mchana. Haya ndiyo ya kufanya.

1. Pelekeni nyimbo zilizoiva tu

Mkipewa nusu saa, nyimbo sita za dakika nne nne zinatosha, na zinabaki dakika sita za kupumua na kusema na watu. Hata mkiwa na nyimbo kumi na tano, chagueni sita mnazoweza kuzipiga gizani. Siku tatu kabla ya shoo, pigeni orodha nzima mfululizo, mmesimama, simu ikirekodi kwenye kona ya chumba. Sikilizeni pamoja. Wimbo uliokwama mara mbili ubaki nyumbani.

Fungueni kwa wimbo mnaoujua zaidi, hata kama si ule mnaojivunia zaidi, kwa maana mikono huwa bado baridi. Wenye nguvu kuliko zote uwe wa mwisho. Wimbo mmoja wa watu wengine, unaojulikana na wengi, huwakaribisha wageni. Nyimbo za namna hiyo zikizidi, watu wataondoka wakiwakumbuka wenye nyimbo na kuwasahau nyinyi.

Tena msione haya kuja na sauti ya nyumbani. Obokano, chombo cha Abagusii chenye nyuzi nane, kina mngurumo mzito ambao wapiga besi wengi wa roki huutafuta kwa mitambo ya bei kubwa. Marehemu Christopher Monyoncho na Riakimai Jazz waliimba Ekegusii juu ya magitaa ya umeme, na hawakungoja ruhusa ya mtu. Wala msidhani roki ya Kenya haifiki mbali: Duma, vijana wawili wa Nairobi waliochagua sauti kali kupita kiasi, walitoa albamu yao ya 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na ikasikilizwa hadi Ulaya.

2. Yaandikeni makubaliano

Mteueni mmoja wenu awe msemaji wa fedha, kama mweka hazina wa chama. Amuulize mwenye klabu mambo sita: tunalipwa ada maalumu au sehemu ya kiingilio? Nani anasimama mlangoni kuhesabu? Nani anamlipa fundi wa mitambo? Tunaingia saa ngapi na kumaliza saa ngapi? Je, kuna chakula? Stima ikipotea kuna jenereta? Majibu yaandikwe kwenye ujumbe wa simu, na mwenye klabu ajibu kwamba amekubali. Ujumbe huo mfupi huondoa ugomvi mrefu saa tano usiku.

Ulizeni pia kuhusu leseni. Sheria ya vileo ya 2010 iliweka saa tano usiku kuwa mwisho wa baa za kawaida, na vilabu vya usiku vikapewa muda mrefu zaidi. Hesabu ni hii: bendi tatu za dakika arobaini ni saa mbili, na kubadilisha vyombo mara mbili kwa robo saa ni nusu saa nyingine. Mkianza saa mbili usiku mtamaliza saa nne na nusu. Mkianza saa tatu, mtamaliza saa tano na nusu, na kwenye baa ya kawaida bendi ya mwisho itakatizwa katikati.

Kabla nyimbo zenu hazijasikika na watu wengi, ziandikisheni kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na mkubaliane wenyewe kwa wenyewe nani alitunga nini. Urafiki wa bendi nyingi umevunjikia hapo.

3. Bebeni vidogo vyenu

Spika na miksa ni za klabu. Dramu kubwa mnaweza kuchangia na bendi nyingine. Lakini mpiga dramu aje na sneya yake, matoazi yake, kanyagio lake na vijiti jozi tatu. Wapiga gitaa waje na nyuzi za akiba, chombo cha kutunia, betri, waya wa kurefushia umeme na utepe wa gundi.

Waya ndio mwiba. Nakumbuka usiku mmoja, mpiga besi aligusa uzi wa kwanza spika zikatoa mkwaruzo, kisha kimya. Akauzungusha ule mchomeko kwa vidole, sauti ikarudi. Akainua mkono kupiga, ikakatika tena. Hakukuwa na waya wa pili. Alipiga shoo nzima ameinama, mkono mmoja ukirudi kila mara kushika mchomeko, na besi ilisikika nusu ya nyimbo. Walikuwa wamefanya mazoezi miezi minne. Kila waya uwe na mwenzake mfukoni.

4. Mheshimuni fundi wa mitambo

Fikeni mapema, msalimieni kwa jina lake, na mpeni karatasi yenye idadi ya waimbaji, magitaa na mahali kila mmoja anaposimama. Wakati wa kupima sauti anzeni na dramu, kisha besi, magitaa, na sauti za waimbaji mwishoni. Mmoja akipimwa, wengine wanyamaze. Pigeni wimbo mmoja wenye makelele na mmoja wa taratibu, basi. Ukumbi mtupu hurudisha mwangwi, na watu wakijaa sauti hupungua, hivyo msishtuke.

Punguzeni ampu zenu. Kila mpiga gitaa hutaka kujisikia, na mwishowe mwimbaji hasikiki kabisa. Maneno yakipotea, mgeni hana cha kushika.

5. Jukwaani, kisha baada ya hapo

Semeni jina la bendi mara mbili: baada ya wimbo wa kwanza na kabla ya wa mwisho. Msiombe radhi kwa kosa ambalo hakuna aliyelisikia. Uzi ukikatika, mwimbaji aongee na watu huku mwenzake akibadilisha. Malizeni dakika moja kabla ya muda wenu, na mshuke na vyombo vyenu kwanza. Nyaya mtazikunja pembeni, si katikati ya jukwaa.

Fedha ihesabiwe usiku huo huo mbele ya wanabendi wawili, nauli itolewe kwanza, na akiba ya nyaya na nyuzi itengwe kabla ya kugawana. Usafiri wa kurudi Keumbu upangwe kabla hamjaondoka nyumbani, kwa kuwa usiku wa manane si wakati wa kutafuta gari mkiwa na magitaa mabegani.

Na hili ndilo ninalowaomba kuliko yote: mkishamaliza, msiondoke. Kaeni mbele, msikilize bendi inayofuata hadi wimbo wake wa mwisho, na muwapigie makofi ya kweli. Wapenzi wa roki huku kwetu bado ni wachache, na watakaojaza klabu usiku wenu ujao ni bendi mliyoisikiliza leo pamoja na marafiki zao.