Koti la Mwendesha Pikipiki: Linakinga Nini, na Halikingi Nini?

Dereva wa bodaboda atokaye Lushoto kushuka Mombo hupita katika majira mawili kwa safari moja. Lushoto imo katika Milima ya Usambara, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Mombo ipo chini ya milima, kando ya barabara kuu ya Tanga na Moshi, karibu mita 1,000 chini yake. Kwa kawaida hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 tunazopanda. Basi dereva huyo huanza safari alfajiri akiwa ndani ya ukungu, na kabla ya saa mbili kamili yumo katika jua kali la tambarare. Hali haitofautiani sana na ya yule apandaye kutoka Moshi kwenda Marangu. Wote wawili huuliza swali moja: nivae koti gani?

Swali hili ni la kitabibu zaidi ya linavyodhaniwa. Katika vituo vyetu vya afya tunawaona waendesha pikipiki wenye kikohozi, wenye vidole vilivyokufa ganzi, wenye kizunguzungu cha joto, na wenye ngozi iliyochunwa na lami. Koti lina sehemu yake katika baadhi ya matatizo hayo, na katika mengine halina sehemu yoyote. Makala haya yanakusudia kutenganisha mambo hayo, kwa kuwa anayelitegemea koti limkinge na ugonjwa lisioweza kuukinga huchelewa kutafuta tiba.

Je, upepo wa kifuani huleta nimonia?

Ukimwuliza dereva kwa nini amevaa koti zito mchana wa joto, au kwa nini amelivaa kinyume, zipu ikiwa mgongoni, jibu la kawaida ni kwamba anajikinga na nimonia. Wapo pia wanaofunga kifuani kikinga cha ngozi, au kuweka kipande cha boksi chini ya koti.

Nimonia ni maambukizi ya mapafu. Husababishwa na vimelea: bakteria, virusi, na mara chache fangasi. Vimelea hivyo huingia kwa njia ya hewa tunayovuta, au hushuka kutoka puani na kooni. Upepo upigao kifua kwa nje haupenyi ngozi, misuli na mbavu hata ufike mapafuni. Hewa ifikayo mapafuni hupita puani au kinywani, na njiani hupashwa joto na kutiwa unyevu. Kikinga cha kifuani hakiigusi hewa hiyo hata kidogo.

Hatusemi kwamba baridi haina madhara. Hewa baridi na kavu huweza kubana njia za hewa, hasa kwa mwenye pumu, na kuleta kikohozi na kifua kinachobana. Dereva asemaye kwamba kifua humsumbua wakati wa kipupwe hasemi uongo; anachokosea ni jina la tatizo na mahali pa kinga.

Kosa hilo lina gharama. Dereva aliyekwisha kuamini kwamba kikohozi chake ni upepo tu hununua koti zito zaidi na kuendelea na kazi. Wiki mbili hupita, kisha mwezi. Kikohozi kilichodumu kwa wiki mbili au zaidi, hasa kikiambatana na kupungua uzito, homa za jioni, jasho jingi la usiku au makohozi yenye damu, kinahitaji uchunguzi wa kifua kikuu. Nchini Tanzania huduma ya uchunguzi na tiba ya ugonjwa huo katika vituo vya umma hutolewa bila malipo. Mwenye homa kali, anayepumua kwa kasi, au anayehisi kichomi kila avutapo pumzi asisubiri hata hizo wiki mbili. Aende kituoni siku hiyohiyo.

Madhara ya kweli ya baridi

Mwili wa binadamu hulinda joto la ndani la takriban nyuzi 37. Upepo huondoa tabaka jembamba la hewa vuguvugu linalozunguka ngozi, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo joto linavyopotea haraka. Kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa hali ya hewa, hewa ya nyuzi 10 ikikupiga kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoa kana kwamba upo katika nyuzi 5. Ukilowa, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu maji huchukua joto la mwili kwa kasi zaidi ya mara 20 kuliko hewa tulivu.

Hatari ya kwanza ni vidole. Mikono iliyopoa hupoteza hisia na nguvu, na breki hukamatwa kwa kuchelewa. Baridi ikizidi, mwili hutetemeka, fikra huwa nzito na maamuzi hulegea. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, huo ni ugonjwa wa dharura. Pombe inayonywewa kwa nia ya kuondoa baridi hufanya kinyume: hupanua mishipa ya damu ya ngozi, ikampa mnywaji hisia ya joto huku joto lenyewe likitoroka.

Madhara ya joto

Katika miji ya pwani, ambako unyevu wa hewa ni mwingi, tatizo hugeuka. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza pale tu linapokauka. Koti zito lisilopitisha hewa hulifungia jasho ndani. Dereva aliyesimama kijiweni juani akiwa amelivaa huanza kwa kiu, maumivu ya kichwa na kichefuchefu, kisha kizunguzungu. Akianza kuchanganyikiwa, na joto la mwili likafika nyuzi 40 au zaidi, hicho ni kiharusi cha joto, nacho huua. Mpelekeni kivulini, mvueni koti, mmwagieni maji na kumpepea huku usafiri wa hospitali ukitafutwa.

Hapa ndipo ubaya wa kuvaa koti kinyume unapoonekana. Ukosi hubana koo, zipu haifikiki kwa haraka, na mabega hayana uhuru wa kusogea.

Kuanguka

Kazi ambayo koti hufanya vizuri kuliko zote ndiyo inayosahauliwa: kulinda ngozi na viungo pikipiki inapoanguka. Shati la pamba huchanika mara tu linapoburuzwa kwenye lami. Ngozi nene ya ng'ombe, au nailoni nzito iliyofumwa kwa ajili ya waendesha pikipiki, huhimili zaidi.

Liz de Rome na wenzake huko Australia walichunguza waendesha pikipiki 212 waliopata ajali, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2011. Waliokuwa wamevaa makoti ya pikipiki walikuwa na uwezekano mdogo wa kulazwa hospitalini, kwa asilimia 21, kuliko wasiovaa. Hata hivyo, karibu makoti 3 katika kila 10 yaliharibika katika ajali kiasi cha kuhesabiwa kuwa yameshindwa kazi. Kuitwa koti la pikipiki peke yake, basi, hakutoshi. Ubora wa kitambaa, mshono na pedi ndio unaoamua.

Namna ya kuchagua

Hakuna koti moja litakaloshinda baridi ya Lushoto na joto la Mombo kwa pamoja. Dawa ni tabaka, yaani kugawanya kazi kwa nguo kadhaa unazoweza kuzivaa na kuzivua njiani.

Tabaka la ndani liwe jepesi, lenye kukauka upesi. Fulana nzito ya pamba hunywa jasho na kubaki na ubaridi. Tabaka la kati ni la joto: sweta la sufu linafaa sana, kwani sufu huendelea kuhifadhi joto hata ikiwa na unyevu. Hili livuliwe mara tu jua linapopata nguvu. Tabaka la nje ndilo koti lenyewe, na kazi yake ni kuzuia upepo na kustahimili msuguano.

Unapolichagua koti hilo, iwe dukani au kwenye mitumba, angalia mambo haya:

1. Likae mwilini bila kubana na bila kupepea. Keti kama uliye juu ya pikipiki na unyooshe mikono: kiuno kisibaki wazi, na mikono ya koti ifike kwenye vifundo.
2. Liwe na pedi ngumu mabegani na viwikoni, na ikiwezekana mgongoni. Pedi zikihama unapozisukuma kwa mkono, zitahama pia siku ya ajali.
3. Soma lebo. Katika makoti yaliyotengenezwa kwa viwango vya Ulaya, pedi huandikwa EN 1621, na makoti ya miaka ya karibuni huandikwa EN 17092 pamoja na herufi za daraja. AAA ni daraja la juu, kisha AA, kisha A.
4. Kagua mishono kwa kuivuta. Mshono ulioshonwa mara mbili au tatu ni bora. Ngozi iliyokauka na kupasuka imekwisha kazi yake.
5. Tafuta bitana inayotolewa na matundu ya hewa yenye zipu kifuani na mgongoni, ili koti moja litumike katika baridi na katika joto.
6. Liwe na rangi angavu au mikanda ya kuakisi mwanga. Koti jeusi lifunikwe kwa kizibao cha kuakisi.

Koti la mvua ni nguo ya nne, nalo libebwe daima wakati wa masika na vuli. Livae kabla hujalowa, na ulivue mvua ikikatika, kwani plastiki hufungia jasho. Lisiwe refu la kuning'inia karibu na mnyororo au gurudumu.

Mwenye fedha kidogo aanze na kofia ngumu iliyo nzima na yenye mkanda uliofungwa, kisha glavu, kisha koti. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionesha kwamba kofia hiyo hupunguza vifo vya waendesha pikipiki waliopata ajali kwa asilimia 42 hivi. Hakuna koti lenye uwezo huo.

Wenye maradhi ya kudumu

Mwenye pumu afunike pua na mdomo kwa kitambaa chepesi asubuhi ya baridi, maana kinga ya njia za hewa ipo hapo, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni. Mwenye selimundu, awe dereva au abiria, asikubali kupoa wala kulowa: baridi na upungufu wa maji huweza kuanzisha maumivu makali. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia za vidole avae glavu na viatu vilivyofunikwa, kwani hatahisi baridi wala jeraha kwa wakati. Anayetumia dawa za kuongeza mkojo amwulize daktari wake kuhusu kazi ya juani, wala asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kwa mtumishi wa afya

Mgonjwa akikuambia ana upepo kifuani, usimcheke. Mwulize amekohoa kwa muda gani, anafanya kazi gani, na nani mwingine anakohoa nyumbani. Mpime joto, hesabu pumzi zake, msikilize mapafu, na usisahau makohozi. Maelezo mafupi kwamba hewa huingia mapafuni kupitia puani yatamsaidia kuliko karipio.

Majeruhi akiletwa akiwa na koti, usilivute kwa nguvu. Ikiwa kuna shaka ya kuumia shingo au mgongo, mtulize katika mstari ulionyooka, kisha likate koti kwa mkasi. Nguo zilizolowa ziondolewe na afunikwe kwa blanketi kavu, kwa sababu mwili uliopoa hugandisha damu kwa shida na kuvuja damu huongezeka. Michubuko ioshwe kwa maji safi mengi hadi mchanga uishe, na kinga ya pepopunda ihakikiwe.

Msomaji anayeendesha pikipiki na alichague koti lake kwa ajili ya upepo, mvua, jua na lami. Kikohozi kisichokoma akipeleke kwa daktari.