Kupanga Safari Ndefu kwa Gari la Umeme: Somo kwa Kamati za Parokia



Baadhi ya kamati za parokia zimetuuliza kama zikubali gari la umeme ambalo wafadhili wako tayari kulitoa badala ya lile kuukuu la dizeli. Swali hilo huja na hofu moja karibu kila mara: je, umeme ukituishia porini? Hofu hiyo si ya kuchekwa. Gari la parokia hubeba wagonjwa, wanakwaya, vitabu vya shule na fedha za mradi. Likizimika kati ya Mtito Andei na Voi saa tatu usiku, dereva hawezi kusimamisha lori na kuomba lita tano.

Katika somo hili tutafuata barabara moja tu, ile ya Nairobi hadi Mombasa. Wengi wetu tunaijua, na ina jambo moja ambalo msafiri wa gari la mafuta hana haja ya kulifikiria sana: safari ya kwenda na safari ya kurudi hazilingani, ingawa kilometa ni zilezile.

Kilometa za kwenye karatasi

Muuzaji husema, "Gari hili linakwenda kilometa 400." Ni vema kamati iulize, kwa kipimo cha nani? Mfano mzuri ni Nissan Leaf, gari ambalo huletwa kwetu likiwa limetumika Japani. Leaf ya betri ya kilowati-saa 40, iliyotoka mwaka 2017, ilitangazwa Japani kuwa inafika kilometa 400 kwa kipimo cha huko cha wakati ule. Mamlaka ya mazingira ya Marekani iliipa gari hilohilo maili 151, yaani kilometa 243. Hakuna aliyesema uongo. Vipimo ndivyo vilivyotofautiana, na mwendo wa taratibu wa kwenye maabara si mwendo wa Mombasa Road.

Aidha, betri huchoka kadiri miaka inavyokwenda. Kwenye Leaf, dereva huona vijistari 12 pembeni mwa kipimo cha chaji vinavyoonyesha afya ya betri yenyewe. Kijistari cha kwanza kikipotea, betri imekwisha kupoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake. Kamati inayopewa gari lililotumika iombe picha ya dashibodi kabla ya kuandika barua ya shukrani.

Tuhesabu kwa uniti

Kilowati-saa moja ni ile uniti tunayoinunua kwa tokeni nyumbani. Hivyo basi, tusihesabu safari kwa kilometa peke yake. Tuhesabu uniti, kama mama wa nyumbani anavyojua tokeni itafika Ijumaa au haitafika.

Tuchukue gari la kawaida ambalo betri yake inatoa uniti 55 za kutumika kweli. Ndani wamo watu wanne na mizigo, na uzito wote ni kama kilo 1,900. Kwa mwendo wa kilometa 85 hadi 90 kwa saa, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, tukadirie uniti 17 kwa kila kilometa 100 za barabara tambarare. Kila kamati itafute kadirio la gari lake kwa kuliendesha wiki mbili na kuandika daftarini.

Kisha mlima. Kuinua kilo 1,900 kwa mita 100 hula nusu uniti, na ukiongeza kinachopotea kwenye mota inakuwa kama 0.6. Tukiteremka, sehemu kubwa ya uniti hizo huokolewa, kwa sababu gari linajiendea lenyewe, na breki ya mota hurudisha umeme kwenye betri. Lakini hazirudi zote.

Nairobi iko kwenye mwinuko wa mita kama 1,700, nayo Mombasa iko usawa wa bahari. Kwa kilometa 480 za barabara tambarare tungehitaji uniti kama 82. Kuteremka kunatupunguzia kama 7, na kupanda kunatuongezea kama 10. Kwa hiyo kwenda ni uniti 75, kurudi ni 92. Tofauti ya uniti 17 ni sawa na kilometa 100 za kuendesha. Mtu aliyefika Mombasa kwa raha, akaamua kurudi kwa mpango uleule aliojia, ndiye anayekwama.

Kwenda

Tunaweka akiba ya uniti 8, yaani asilimia 15, ambayo haiguswi katika mahesabu. Wengine watasema ni nyingi. Sisi tunaona kwa barabara yenye vituo vichache ndicho kiwango cha chini, na kwa gari litakalobeba mgonjwa tungeweka asilimia 25.

Tunatoka Nairobi betri ikiwa imejaa. Hadi Mtito Andei ni kilometa kama 235, na tunateremka takriban mita 950. Tutatumia uniti kama 36 na kufika tukiwa na 19. Toka hapo hadi Mombasa zimebaki kilometa 245, nazo zinahitaji uniti 39. Pamoja na akiba ni 47. Basi pale Mtito Andei tunahitaji kuongeza uniti 28. Kwenye chaja ya kilowati 50 iliyo nzima hiyo ni kazi ya dakika 40 hivi, muda ambao abiria wangekula na kujinyoosha hata kwa gari la dizeli. Kituo kimoja kinatosha.

Kurudi

Tukijaribu kurudi kwa kituo hichohicho kimoja, tutafika Mtito Andei tukiwa na uniti kama 9 tu. Kutoka hapo hadi Nairobi, tukipanda karibu mita 1,000, tunahitaji 46, na akiba 8, jumla 54. Hiyo ni betri iliyojaa pomoni. Hapa ndipo wengi wanaposhangaa: betri haijazwi kwa mwendo mmoja. Inapokea haraka ikiwa kati ya asilimia 10 na 80, kisha chaja hupunguza kasi ili isiiumize. Asilimia 20 za mwisho mara nyingi huchukua muda sawa na zile 60 zilizotangulia, na madereva wengine wanasubiri nyuma yako.

Ni afadhali kusimama mara mbili kwa muda mfupi. Mombasa hadi Voi ni kilometa 150, na tunafika tukiwa na uniti 26 hivi. Tunaongeza 13 au 14, dakika 20. Voi hadi Makindu ni kilometa 165. Tunafika tukiwa na akiba yetu tu ya 8. Wasafiri wengi wanaijua Makindu kwa hekalu la Masingasinga linalowakaribisha wapita njia kwa chakula bila malipo, kwa hiyo mahali pa kungojea si tatizo. Hapo tunaongeza uniti 32, kama dakika 45, tunapanda hadi Nairobi na kuingia mjini akiba ikiwa haijaguswa. Mara zote mbili hatukuvuka asilimia 75.

Mahesabu haya yanachukulia kwamba katika miji hiyo kuna chaja ya haraka inayofanya kazi siku hiyo. Hilo si jambo la kukadiria. Ni jambo la kupiga simu.

Simu tatu kabla ya safari

Simu ya kwanza ni kwa kituo: je, chaja inafanya kazi leo, mnafunga saa ngapi, na malipo ni kwa simu au kwa kadi? Programu kama PlugShare husaidia, maana watumiaji huandika humo tarehe waliyochaji na kama walifanikiwa. Angalieni tarehe ya mwisho. Kituo ambacho hakuna aliyekitaja kwa miezi minne tukihesabu kuwa hakipo.

Simu hiyohiyo iulize plagi. Magari ya Japani kama Leaf huchaji haraka kwa plagi iitwayo CHAdeMO, magari mengi ya Ulaya kwa CCS2, na yaliyotengenezwa kwa soko la China yana plagi ya kwao, GB/T. Kituo chenye CCS2 peke yake hakimsaidii mwenye Leaf kwa chaji ya haraka, hata kama kipo mlangoni pake.

Simu ya pili ni kwa kituo cha akiba, kile ambacho mtakwenda kama cha kwanza kimeharibika au umeme umekatika mji mzima. Kanuni tunayoifuata ni hii: usifike kwenye kituo ukiwa huna uniti za kukufikisha kingine au za kukurudisha ulikotoka. Ukitazama tena mpango wetu wa kurudi, utaona kwamba kufika Makindu na uniti 8 kunavunja kanuni hiyo iwapo hakuna kituo kingine jirani. Kama hakipo, Voi mtakaa dakika 15 zaidi. Ndiyo bei ya kulala usingizi.

Simu ya tatu ni kwa mwenyeji wa kulala, na hiyo inahitaji maelezo zaidi.

Kuchaji kwa mwenyeji

Faida moja ya watu wa parokia ni kwamba karibu kila mji wana mahali pa kulala. Plagi ya kawaida ya ukutani, kwa chaja ndogo inayokuja na gari, hutoa kilowati 2 na kidogo. Kwa saa 10 za usiku betri itapokea takriban uniti 20, ambazo ni kilometa 115 hivi. Safari ya siku mbili yenye usiku mmoja Voi inakuwa nyepesi kabisa.

Lakini uniti 20 ni tokeni ya mtu. Katika nyumba nyingi hizo ni matumizi ya siku nyingi. Msiwaachie masista au Baba Paroko waamke asubuhi wakute giza jikoni. Muulizeni mwenyeji kabla, nunueni tokeni za kutosha mkifika, na zidisheni kidogo kwa sababu chaja nayo hupoteza. Kwa maoni yetu, hili lina uzito kuliko mambo yote ya kitaalamu yaliyomo humu, kwa kuwa mwenyeji aliyekwazwa mara moja hatafungua lango mara ya pili.

Usalama nao. Plagi iwe na waya wa ardhi, isiwe imelegea wala na alama za kuungua. Msitumie waya mwembamba wa ekstensheni ule wa redio, tena ukiwa umeviringishwa. Kwa saa 10 utapata moto. Baada ya nusu saa, dereva aguse plagi. Ikiwa ya moto sana, achomoe na asubiri fundi umeme.

Njiani

Dereva awe na karatasi moja tu: majina ya miji, kilometa, na asilimia anayotakiwa kuwa nayo kila mji. Akifika Emali na kukuta yuko chini ya mpango kwa asilimia 5, apunguze mwendo hapohapo, si atakapobakiza 10. Kutoka kilometa 80 hadi 110 kwa saa, nguvu ya kupasua upepo kwa kila kilometa huongezeka karibu maradufu. Kupunguza mwendo ndiyo jerikeni ya gari la umeme. Mzigo juu ya paa na upepo wa mbele navyo hula. Mvua kubwa vilevile.

Msongamano hauna hatari wanayoidhani watu. Gari likisimama Mlolongo saa nzima, mota haili kitu, na kiyoyozi hutumia kama uniti moja. Joto la Voi ni suala jingine kwa Leaf kama ile ya mwaka 2017, ambayo betri yake haina mfumo wa kuipoza kwa maji. Ikichajiwa haraka mara mbili siku moja na kuendeshwa kwa kasi, hupata moto, na chaji ya pili huwa ya polepole. Ongezeni nusu saa kwenye mpango.

Neno kwa wafadhili

Wafadhili wetu walioko Ulaya wamezoea barabara za namna nyingine. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inazitaka nchi wanachama ziwe na vituo vya kuchaji haraka visivyopishana zaidi ya kilometa 60 kwenye mtandao wao mkuu wa barabara. Gari linalofaa huko kwa betri ndogo laweza kuwa mzigo huku. Tunaomba bajeti ya gari la umeme iwe na mambo mawili ambayo mara nyingi husahaulika: chaja ya ukutani pamoja na kazi ya fundi pale parokiani, na mafunzo ya dereva kwa muda usiopungua wiki mbili.

Na tuseme wazi. Kwa mizunguko ya vigangoni ya kilometa 80 au 100 kwa siku, gari likilala nyumbani kwenye chaja, tunashauri kamati ikubali bila wasiwasi. Kwa safari ya Mombasa mara mbili kwa mwaka, ikubali na ijifunze kupanga kama tulivyoonyesha. Kwa gari pekee la kukimbiza wagonjwa usiku kutoka mahali ambapo umeme hukatika kila mara, tunashauri dizeli ibaki kwa sasa.

Maswali ya kujadili katika kamati

Safari ndefu kuliko zote gari letu iliyofanya mwaka jana ilikuwa ya kilometa ngapi, na mwinuko wa tulikotoka na tulikokwenda ni upi? Katika njia hiyo, ni nani wawili tunaoweza kuwapigia simu leo kuomba plagi ya usiku? Nani katika kamati atashika daftari la uniti, na tokeni za mwenyeji zitalipwa kutoka fungu gani?