Tangawizi: mkeka au kaushio la jua?

SWALI: Kikundi chetu cha akina mama hapa Mamba Miamba, Same, huanika tangawizi kwenye mkeka. Je, kaushio la jua litatufaa?

JIBU: Litawafaa, dada zangu, maana huko milimani mawingu huja bila taarifa. Kaushio huzuia vumbi, kuku na mvua. Ila anzieni kwenye kisu: osheni, kisha kateni vipande vya milimita 3 hadi 5, vinavyolingana. Kipande kinene hukauka nje tu, ndani kikaota kuvu. Kipande kikivunjika kwa mlio badala ya kupinda, kimekauka vya kutosha. Unyevu hapo ni kama asilimia 10. Kikipoa, kifungeni siku hiyohiyo kwenye mfuko usiopitisha hewa. Na mkiwaza mashine ya kusaga, tafuteni kwanza mnunuzi wa unga.