Sahani ya Mtoto, Ugomvi wa Wazazi

Baba anafika jioni na chipsi na chupa ya soda. Mama amekwisha kupika githeri. Mtoto wao wa miaka 8, ambaye sare aliyonunuliwa Januari imeanza kumbana, anamtazama mama, anamtazama baba, kisha anachukua chipsi na kurudi mbele ya televisheni. Watoto wakiisha kulala, wazazi wanagombana.

Wapendwa, ugomvi huu haukuanzia kwenye chipsi. Mama amechoka kuwa askari wa nyumba, wa kukataza kila siku. Baba, ambaye kutwa hayupo, anatamani mtoto amkimbilie mlangoni. Kila mmoja ana sababu yake, na mtoto amekwisha kujua aende kwa nani akinyimwa.

Kwa hiyo kaeni wawili kwanza, mtoto asiwepo. Soda ya mililita 300 ina sukari karibu vijiko 8 vya chai. Iacheni iwe ya sikukuu. Siku nyingine maji yatosha. Mtoto akila huku akitazama katuni hatambui ameshiba saa ngapi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa moja kwa siku mbele ya televisheni au simu. Na mwaka 2020, kwamba wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa saa moja kila siku ya kukimbia na kucheza.

Lakini msimlaze njaa. Mtoto bado anakua, na mara nyingi kimo kikiongezeka huku uzito ukitulia, mwili hujirekebisha. Mpelekeni kliniki apimwe vyote viwili. Na jina “kibonge” lisisikike nyumbani mwenu, hata kwa utani, hata kutoka kwa shangazi.

Lililo gumu zaidi ni simu zenu wenyewe. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, alitaja familia ambazo wakati wa chakula kila mtu yumo katika simu yake. Basi kabla ya sala ya chakula, simu zote ziwekwe kando, ya baba ikitangulia.

Leo usiku mwulizane: ni lini mara ya mwisho mmoja wetu alimkatalia mtoto jambo, na mwenzake akamruhusu kwa siri?